Unga wangu wa maganda ya kamba hauyeyuki kwenye siki. Nimekosea wapi?

"Shikamoo mwalimu. Nina shahada ya kemia, niko Bagamoyo, ajira bado natafuta. Karibu na kwetu kina mama wanamenya kamba wa kupeleka hotelini na maganda yote yanatupwa. Nimesoma kwamba ndani ya maganda hayo kuna kaitosani, unga unaotumika kwenye dawa, shambani na kusafishia maji. Nikakusanya, nikakausha, nikapata kilo mbili, nikatwanga. Nililoweka siku nzima katika asidi ya betri niliyoizimua kwa maji. Nikaosha, kisha nikachemsha saa mbili na kostiki soda ya kutengenezea sabuni, vijiko vinne vya chakula kwa kila lita. Sufuria ilitoa povu jingi ikawa nyeusi. Nimepata unga zaidi ya kilo moja, rangi ya waridi iliyofifia. Shida ni kwamba nikiutia kwenye siki hauyeyuki, unatua chini kama mchanga. Je, nichemshe saa nyingi zaidi? Naweza kuchanganya na magamba ya chaza na makombe, maana hayo yamejaa ufukweni? Na je, niwaambie kina mama waanze kuniwekea maganda? Naambiwa kilo moja tu ya kaitosani inalipa."

Marahaba, mwanangu. Nikupongeze kwanza kwa jambo moja: umejaribu unga wako kwenye siki kabla ya kumwambia mtu kwamba una kaitosani. Nimeletewa vifuko vingi vya unga ambavyo wenyewe hawakuwahi kufanya jaribio hilo la dakika kumi, na wengine walikuwa wameshachapisha lebo.

Swali lako la msingi ni kama uongeze saa za kuchemsha. Hapana. Ungechemsha mpaka Idi, unga ule usingeyeyuka. Na kilichonishtua zaidi katika barua yako ni wingi wake. Katika kilo mbili za maganda makavu ya kamba, kaitini, yaani kitu ambacho kaitosani hutengenezwa kutoka kwacho, huwa kama robo hivi, pengine pungufu. Ulitakiwa kubaki na gramu 400 au 500. Wewe una zaidi ya kilo. Ukiondoa vitu viwili kwenye mchanganyiko halafu mzigo ukabaki mzito kuliko unavyostahili, ujue umeingiza kitu cha tatu.

Nikueleze ganda lenyewe lilivyojengwa, maana makosa yako yote yanaeleweka ukishaliona. Fikiria nyumba ya miti na udongo ya kwetu pwani. Kuna fito zilizosimamishwa na kulazwa, kuna kamba zinazozifunga, na kuna udongo uliokandikwa. Katika ganda, fito ndizo kaitini, minyororo mirefu ya sukari yenye naitrojeni ndani yake. Kamba za kufungia ni protini (najua, kamba ndani ya kamba, Kiswahili hakina huruma). Udongo ni kalsiamu kaboneti, kitu kilekile kilichomo kwenye mawe ya matumbawe na kwenye chaki. Kazi ya maabara ni kubomoa nyumba hiyo bila kuvunja fito: asidi inaondoa udongo, kostiki nyepesi inakata kamba, kinachobaki ni fito tupu.

Sasa tuje kwenye asidi yako ya betri. Hiyo ni asidi ya salfuriki. Ikikutana na kalsiamu kaboneti inatoa gesi, wewe ukaona mapovu ukafurahi. Lakini kalsiamu haikuondoka. Iliungana na salfeti ikawa jasi, hii hii ya kutengenezea dari. Jasi haipendi maji: lita nzima inayeyusha gramu mbili na kidogo tu. Kwa hiyo ilijipaka juu ya chembe za ganda kama plasta, ikaziba njia ya asidi kuingia ndani. Na ni nzito. Kila gramu 100 za kalsiamu kaboneti huzaa gramu 172 za jasi. Ndipo kilo yako ilipotoka. Baadaye kostiki iligeuza sehemu ya jasi hiyo kuwa chokaa, lakini kwa vijiko vinne haikuweza kufika mbali.

Asidi inayotakiwa ni ya haidrokloriki. Yenyewe inageuza kalsiamu kuwa kalsiamu kloridi, chumvi inayoyeyuka kwenye maji bila shida na kuondoka na maji ya kuoshea. Usiitafute kwenye chupa za dawa ya kusafishia vyoo. Ipo humo, lakini pamoja na rangi, sabuni na manukato, na nguvu yake huijui. Nunua ya maabara, na ujue kwamba hapa Tanzania kemikali za viwandani zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Asidi hii pamoja na ya salfuriki zimo pia kwenye orodha ya kimataifa ya kemikali zinazofuatiliwa kwa sababu zinatumika kutengeneza dawa za kulevya. Ukitaka kununua kwa madumu utaulizwa wewe ni nani na unafanyia nini, na ni haki yao kuuliza.

Kosa la pili halikutokana na uzembe, limetokana na maneno mawili yanayofanana. Kaitini na kaitosani si kitu kimoja. Hata kama ungetumia asidi sahihi, hatua ulizofuata zingekufikisha kwenye kaitini tu, na kaitini haiyeyuki kwenye siki. Haiyeyuki karibu kwenye chochote utakachokipata dukani.

Sababu ni hii. Kila pingili ya mnyororo wa kaitini ina naitrojeni moja, na naitrojeni hiyo imevishwa kofia inayoitwa asetili. Ikiwa na kofia, haiwezi kupokea chaji kutoka kwenye asidi. Minyororo inabaki imelala ubavu kwa ubavu, imeshikana, maji hayana pa kupenya. Vua kofia nyingi, zaidi ya nusu, na mambo yanabadilika. Kwenye asidi hafifu kila naitrojeni iliyo wazi inachukua chaji chanya, minyororo inaanza kusukumana, maji yanaingia katikati, na unga unayeyuka na kuwa ute kama wa bamia. Huo ute ndio dalili kwamba umepata kaitosani. Mfaransa Rouget aliiona mwaka 1859 alipochemsha kaitini kwenye potashi kali, na mpaka leo viwanda vingi vinafanya jambo lilelile, tofauti ni vyombo tu.

Angalia neno "kali". Vijiko vyako vinne kwa lita vinatoa kostiki ya asilimia sita au saba. Hiyo inatosha kabisa kuondoa protini, na kwa hatua hiyo hukukosea. Kuvua kofia kunahitaji asilimia 40 hadi 50, kwenye joto la nyuzi 100 hivi, kwa saa kadhaa. Muda hauzibi pengo la nguvu. Ndiyo maana nasema hata ungechemsha siku tatu, ungepata kaitini iliyochemshwa siku tatu. Na magadi nayo, kabla hujaniuliza, hayawezi. Ni sodiamu kaboneti, mpole mno kwa kazi hii.

Na hapa ndipo ninapobadilika kutoka mwalimu kuwa mzazi. Kostiki ya asilimia 50 iliyo moto si kitu cha jikoni. Tone moja likiingia jichoni linaweza kukupofusha, na ubaya wake ni kwamba haichomi kwa kishindo kama asidi, inateleza kama sabuni, kwa sababu ngozi yako ndiyo inayogeuka sabuni. Nina kovu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto tangu mwaka wa pili chuoni, nilidhani glavu imenifunika vizuri. Ikikumwagikia, maji mengi yanayotiririka, dakika ishirini au zaidi, nguo iliyolowa ivuliwe, na kama ni jicho uoshe huku unapelekwa hospitali. Usiweke ndimu wala siki ati "kuiua".

Halafu hiyo sufuria. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na alumini inaliwa na kostiki. Povu uliloliona halikutoka kwenye maganda peke yake. Lilikuwa gesi ya haidrojeni, inayowaka, na kama ulikuwa juu ya jiko la mkaa ndani ya nyumba, basi mshukuru Mungu. Kwa nguvu ya asilimia 50 sufuria ile ingetoboka na kukumwagia. Kostiki inataka chuma cha pua. Asidi nayo inataka ndoo ya plastiki, maana haidrokloriki inakula hicho chuma cha pua. Usibadilishane vyombo. Hata vioo vya maabara hupungua vikichemshiwa kostiki kali mara kwa mara.

Nikupe sasa njia yenyewe, kwa gramu 100 za maganda makavu, kipimo cha kujifunzia. Nakuandikia ili uelewe unachokwenda kuomba maabarani, si ili uanze leo usiku. Na unapotwanga, ziba pua na mdomo. Vumbi la kamba huwaletea watu pumu, na wafanyakazi wa viwanda vya kamba wanalijua hilo.

Chukua haidrokloriki ya mola moja (mola ni kipimo cha wingi wa kemikali katika kila lita). Gramu 100 za maganda zina kama gramu 40 za kalsiamu kaboneti, na hizo zinakula mililita 800 za asidi hiyo, kwa hiyo andaa lita moja hadi moja na nusu. Tia kidogo kidogo. Karibu lita kumi za kaboni dioksidi zitatoka, na ukimimina zote mara moja bika litafurika povu hadi sakafuni. Joto la kawaida la chumba linatosha, saa moja au mbili. Ukiona mapovu yamekoma, pima kwa karatasi ya pH: kama maji bado ni makali, udongo umeisha; kama hayana ukali tena, asidi ndiyo iliyoisha na udongo ungalipo. Usiache siku nzima kama ulivyofanya na usipashe moto, kwa sababu asidi inakata minyororo yenyewe. Fito zinakatika kuwa vijiti, na kaitosani yake itatoa ute mwepesi kama maji.

Osha mpaka maji yawe hayana ukali. Kisha kostiki ya mola moja, yaani gramu 40 kwa lita, nyuzi 70 hadi 90, saa mbili. Maji yatakuwa ya kahawia kwa protini. Yamwage, tia mapya, rudia mpaka yatoke karibu meupe. Osha tena, kausha, pima. Ukiwa na gramu 20 au 25 uko sawa. Ile rangi ya waridi ni astazanthini, ambayo kwenye kamba mbichi hufungwa na protini ikaonekana ya kijivu, na moto ukiifungua ndipo kamba anakuwa mwekundu mezani. Haina madhara kwa kazi nyingi, na asetoni huitoa. Wengine hutumia JIK kung'arisha. Sipendi, kwa sababu inachubua minyororo, na kwa sababu ikikutana na masalia ya asidi hutoa gesi ya klorini, na hiyo huua.

Kuvua kofia kufanyike kwenye kabati la kufyonza hewa, ukiwa na miwani ya kinga, glavu ndefu, aproni, na mtu mwingine chumbani. Kostiki inatiwa kwenye maji, kidogo kidogo, kamwe si maji kwenye kostiki, na mchanganyiko utachemka wenyewe kabla hujawasha moto. Kwa gramu moja ya kaitini tumia mililita 10 hadi 20 za kostiki hiyo ya asilimia 50. Saa mbili hadi nne. Kinachotoka kwenye hizo kofia, kwa taarifa yako, ni asetati, ndugu wa siki. Uzito utashuka kwa karibu moja ya tano, ni kawaida, kofia nazo zina uzito wake.

Kwa jaribio lako la mwisho, siki ya dukani ina asidi ya asilimia nne au tano hivi. Zimua sehemu moja kwa sehemu nne za maji. Tia gramu moja ya unga kwenye mililita 100 na ukoroge, ukiacha hata usiku kucha. Ikiwa ute laini na mashapo machache, umefika. Kiasi halisi cha kofia zilizovuliwa hupimwa kwa kutitireti (kudondoshea kemikali ya nguvu inayojulikana mpaka ikamilike) au kwa mashine ya miale ya infraredi, na mnunuzi yeyote makini atakuuliza namba hiyo kabla ya bei.

Kuhusu unga ulio nao, usiutupe kabla hujajifunza kwake. Pima kijiko cha chai, uweke kwenye kijiko cha chuma juu ya mkaa, nje ya nyumba, mpaka weusi wote uishe. Kaitini safi huungua karibu yote, majivu yasifike asilimia moja au mbili. Wako, nadhani, utaacha mlima mweupe.

Chaza na makombe, hapana. Ni kosa la kawaida kwa sababu vitabu vya kigeni vinawaweka kamba, kaa na chaza kwenye kapu moja. Magamba ya chaza ni kalsiamu kaboneti zaidi ya asilimia 95, na kaitini iliyomo ni chembe tu. Ukiyachanganya utakula asidi yako yote kuyeyusha kitu usichokihitaji. Yana kazi yake: yakisagwa ni chakula kizuri cha kuku wa mayai, yakichomwa ni chokaa. Kaa wanafaa, ila ganda lao lina udongo mwingi kuliko la kamba, kwa hiyo asidi zaidi.

Sasa biashara. Hapa nitakukatisha tamaa kidogo. Tuhesabu kutoka kwa kina mama. Maganda mabichi ni maji kwa sehemu kubwa, kilo moja ikikauka inabaki kama robo kilo. Humo unapata gramu 50 au 60 za kaitini, na mwisho wa safari gramu 40 na kitu za kaitosani. Kwa hiyo kilo moja ya bidhaa ni zaidi ya kilo 20 za maganda mabichi, asidi ya mapipa madogo, kostiki za kilo, na maji ya kuoshea ambayo huwa mengi kuliko mtu anavyofikiri. Kostiki kali unaweza kuirudia, kwa sababu gramu 100 za kaitini zinatumia kama gramu 20 tu na iliyobaki ingali na nguvu. Lakini maji machafu ni lazima uyasawazishe, asidi na kostiki zikutanishwe taratibu mpaka pH iwe ya kati, na hata hapo ni maji ya chumvi na protini inayooza. Ukiyamwaga kwenye mikoko au mferejini, NEMC, baraza la taifa la mazingira, watakufuata, na jirani zako watawatangulia.

Hiyo "inayolipa" uliyoambiwa ni ya daraja la dawa, ya kutengenezea bandeji za kuzuia damu. Kwa daraja hilo mnunuzi anataka karatasi: majivu, madini mazito, vijidudu, mnato, na protini iliyobaki, kwa sababu mtu mwenye mzio wa kamba anaweza kudhurika. Usikubali pia kuiuza kama vidonge vya kupunguza unene. Tathmini ya Cochrane ya mwaka 2008 ilikuta uzito unaopungua ni mdogo mno, na vidonge vya aina hiyo ni mambo ya mamlaka za udhibiti, si ya ufukweni.

Kazi ninayoiona kwa kiwango chako ni ya shambani na ya maji. Kaitosani hushika matope kwenye maji yakatua, kama shabu inavyofanya. Lakini ujiulize kwa haki: mbegu za mlonge nazo zinafanya, na hazihitaji kostiki. Kupaka matunda yasioze haraka ni uwezekano mwingine wa kweli. Ipo pia njia ya kuchachusha, ambapo maganda mabichi yanachanganywa na molasi na bakteria wa maziwa mgando kwa siku kadhaa. Asidi wanayotoa inayeyusha kalsiamu, vimeng'enya vya vichwani mwa kamba vinakula protini, na majimaji yake yanaweza kuwa chakula cha mifugo. Haitoi kaitini safi sana, na kofia bado zitataka kostiki. Ila kwa mtu mwenye maganda mengi na pesa kidogo, mimi ningeanzia huko.

Usijaribu haya peke yako. Andika ukurasa mmoja wa unachotaka, uende Idara ya Kemia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au TIRDO, shirika la utafiti wa viwanda, uombe benchi kwa wiki mbili na mtu wa kukusimamia. Una shahada, hawatakufukuza mlangoni. Ukipata ute, chukua kipimo cha kofia na cha majivu, kisha nenda SIDO, shirika la viwanda vidogo, uzungumzie mashine.

Kina mama wasiahidiwe fedha bado. Waambie tu, kama hawaoni tabu, waoshe maganda kwa maji baridi na kuyaanika siku hiyohiyo juu ya chanja, mbali na mchanga, kabla vichwa havijaanza kuoza. Yakikauka yanakaa muda mrefu bila kuharibika, na hata kama mpango wako utakwama, wafugaji wa kuku watayanunua.

Na ile sufuria, kama ni ya mama yako, mnunulie nyingine. Isirudi jikoni.